Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Diwani Milo Brandvold alipohamia Arizona kwa ajili ya magoti yake, aliacha nyuma kiti kimoja cha halmashauri, mashine moja ya kuondolea theluji isiyowaka, na roho za kuku wanne zikining'inia.

Kuku hao walikuwa wa bibi yangu, Ardis Tollefsrud. Waliishi nyuma ya nyumba katika kibanda alichokijenga babu kabla hajafariki, kibanda chenye dirisha, na dirisha lenye pazia. Sheria za mji wetu wa Vesterlund hazikusema lolote kuhusu kuku, kwa kuwa waliozitunga hawakufikiri kuna mtu angekuja kuuliza. Kisha jirani yetu, Bwana Curtis Wendlandt, ambaye nyasi zake hukatwa kana kwamba zitakaguliwa na jeshi, akamkuta kuku mmoja juu ya nyasi hizo akifanya jambo ambalo kuku hufanya. Hakufoka. Hapa Minnesota watu hawafoki. Alisema tu, "Naam, huyo ni kuku," na haikuchukua muda hoja ya kupiga marufuku kuku ndani ya mji ikawa mezani kwa halmashauri.

Halmashauri yetu ina watu watano, meya akiwemo. Milo alipoondoka wakabaki wanne. Meya Lowell Haugsdal na Diwani Verna Stuckey walitaka kuku wabaki. Diwani Duane Rasmusson na Diwani Jolene Pfeiffer walitaka waondoke. Kwa hiyo yeyote atakayekalia kiti cha Milo ndiye atakayeamua kama Bibi ataendelea kula mayai yake au atakula kuku wake.

Sharti niongeze kwamba kuku hao waliitwa Lowell, Verna, Duane na Jolene. Bibi aliwapa majina hayo kwa heshima, miaka ya amani. Duane ndiye aliyetaga vizuri kuliko wote. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua, na Bibi alikusudia aende na siri hiyo kaburini.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Pasaka, kutoka shule ya bweni ambako wazazi wangu walinipeleka nikajifunze adabu. Nilijifunza. Adabu ni kama kufuli: ukishaelewa jinsi inavyofanya kazi, huhitaji ufunguo.

Walioomba kiti walikuwa watatu, na usaili ulifanyika mbele ya watu wote katika ukumbi wa mji, jioni moja ya Aprili, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli. Bibi alikuja na sinia ya keki zake za karameli zilizokatwa miraba. Hakuomba kiti yeye mwenyewe. "Mwenye kuku hakai kuamua kesi ya kuku," alisema. Nilimwambia kuwa hakuna sheria inayomzuia. Akasema ndiyo sababu Mungu alituumbia aibu.

Wa kwanza kuitwa mbele alikuwa Curtis Wendlandt mwenyewe.

"Curtis," meya akaanza, "kwa nini unakitaka kiti hiki?"

"Kusema nakitaka, hapana, sisemi hivyo," Curtis akajibu. Madiwani wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Wapo wanaofaa kuliko mimi. Marlys, kwa mfano."

"Una uwezo gani?"

"Wa kawaida tu."

Jibu lilikuwa zuri sana. Hata Verna, aliyempinga, aliandika kitu.

Wa pili alikuwa Marlys Ostby, mpiga kinanda wa kanisani, mama mpole aliyewapenda kuku wa Bibi kiasi cha kuwaletea maganda ya tikiti. Alisema hajui kwa nini aliomba, labda kalamu ilimteleza. Alisema Curtis ndiye afaaye. Alipoulizwa kuhusu mabomba ya majitaka alisema Curtis anayajua vizuri zaidi, na Curtis, akiwa kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Aa, si kweli, Marlys," na Marlys akasema, "Ni kweli, Curtis," na meya ikabidi agonge nyundo ili kuwatenganisha.

Wa tatu alikuwa Darrell Pruitt, mwenye gereji, ambaye alitoka Texas miaka minne iliyopita na bado aliitwa mgeni.

"Kwa nini unakitaka kiti hiki, Bwana Pruitt?"

"Kwa sababu nadhani nitafanya kazi nzuri."

Verna alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akivua shati barabarani.

"Umesema nzuri?" Duane akauliza, kwa upole, akimpa nafasi ya kurudi nyuma.

"Nzuri sana, bwana."

Mtu akakohoa. Habari ya kuku hakuna aliyemuuliza mwombaji yeyote. Kuuliza jambo ambalo kila mtu anataka kulijua ni ukosefu wa adabu. Waliuliza tena kuhusu mabomba.

Kisha meya akatangaza mapumziko ya kahawa, na ni wakati wa kahawa nilipoona kitu kilichoufungua mlango wote.

Kwetu, mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena, unakataa kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unasema, "Haya, kama hakuna mwingine," na unachukua. Anayechukua mara ya kwanza ana njaa ya kuugua au ametoka Texas. Lakini katibu wetu mpya wa halmashauri, Bi Gina Mazzarelli, alitoka New Jersey kabla ya Krismasi, na sinia ya Bibi ilikuwa mkononi mwake.

"Keki, Curtis?"

"Aa, hapana, asante."

"Sawa," Bi Gina akasema, akaitia keki ile kinywani mwake mwenyewe.

Mkono wa Curtis ulibaki hewani, kama wa mtu anayeiaga meli.

Nilimsogelea Bi Gina kwa unyenyekevu wote niliofundishwa. "Bi Gina, mtu akisema hapana ndani ya kikao, huwa unaandika nini?"

"Naandika hapana."

"Na akiwa hakuimaanisha?"

"Mpenzi wangu," akasema, akijifuta karameli kidoleni, "mimi naandika wanachosema. Wanachomaanisha wakamwambie mchungaji."

Nikamshukuru. Nikamkuta Marlys kwenye kona ya makoti. "Mama Marlys, leo ukipewa kiti, sema ndiyo mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza?" Akashika kifua. "Mbele za watu?"

"Kwa ajili ya kuku wa Bibi."

"Mtoto wewe una mambo." Akafikiri. "Nitajaribu. Kwa ajili ya kuku."

Ilibaki kinywa cha meya. Mteule huulizwa na meya kama anakubali, na Mzee Lowell, mtoto wa mji huu, angemuuliza Curtis mara tatu bila hata kujua kuwa anahesabu. Lakini Mzee Lowell ana meno ya bandia, na keki ya Bibi ina kona. Pale kwenye kona ya sinia karameli huungua na kuwa kama lami. Iliwahi kumng'oa jino mchungaji, naye akamwandikia Bibi kadi ya shukrani.

Nilichukua kipande cha kona. Kwa kuwa meya naye angekataa mara mbili, ilinibidi nianze mapema. Nilimpa karibu na birika la kahawa, akakataa. Nilimpa alipokuwa akirudi kitini. Akakataa kwa sauti ya chini. Nikakaa safu ya mbele na kipande changu kwenye kitambaa cha karatasi, nikingoja.

Kura zikapigwa kwa mikono. Duane na Jolene wakamchagua Curtis. Verna akamchagua Marlys. Meya alimtazama Bibi, akaitazama dari, kisha akamchagua Curtis. Sote tulijua sababu. Curtis humwondolea theluji mlangoni kila msimu wa baridi, alfajiri, bila kuombwa, na mtu wa namna hiyo huwezi kumnyima kura ukaendelea kulala usingizi. Bibi alifunga kifungo cha koti lake, akakifungua, akakifunga tena.

Bi Gina alipoinama kuandika kura, nilisimama. "Mzee Lowell, kipande hiki kitatupwa."

"Kitatupwa?" Meya akasikitika. "Haya basi, kama kitatupwa."

Akakitia chote kinywani. Akatafuna mara moja. Ile ya pili haikuwezekana.

"Mmm," akasema meya wa Vesterlund. Akamtazama Curtis, akajaribu tena. "Mmm mmm?" Kisha akaweka mkono mmoja shavuni na kwa mwingine akamwonyesha Bi Gina karatasi: endelea wewe.

"Curtis Wendlandt," Bi Gina akasoma, "halmashauri imekuchagua. Unakubali?"

Curtis akasimama, mikono juu ya tumbo, na uso wa mtu anayejiandaa kwa sherehe ndefu na tamu. "Aa, hapana," akasema. "Mimi sistahili. Lazima yuko anayefaa zaidi." Akatabasamu, akangoja.

"Amekataa," Bi Gina akasema. "Anayefuata."

Tabasamu la Curtis lilikaa pale pale, ila nyuma yake mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

"Solvi," Bibi akaninong'oneza bila kugeuza shingo, "umefanya nini?"

"Nimempa meya keki, Bibi."

"Kipande gani?"

"Cha kona."

Bibi akafumba macho.

Duane alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Curtis, hebu sema neno. Si tumekuchagua?"

"Hapana, hapana," Curtis akasema, mwekundu hadi masikioni. "Imeshaandikwa. Sitaki kumsumbua Bi Gina."

"Amekataa mara mbili," Bi Gina akasema. "Niandike mara mbili?"

Ilibaki moja tu. Duane aliijua na mimi niliijua, na nikaona kifua chake kinajaa pumzi ya kuuliza mara ya tatu. Lakini Marlys alikuwa ameketi pale pale, ndiye anayefuata, mikono magotini. Kumbembeleza Curtis mbele yake kungekuwa kumwambia kuwa yeye hafai, na Duane huimba sauti ya nne katika kwaya ya Marlys. Pumzi ikamtoka taratibu puani.

Marlys akachaguliwa na wote wanne.

"Marlys Ostby, unakubali?"

Marlys akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua mdomo, na naapa niliiona ile ndiyo ikifika kwenye meno.

"Ndi..." akasema. "Ndivyo, lakini, jamani, kweli mimi? Hapana, yuko anayefaa kuliko mimi."

"Amekataa."

Marlys alikaa chini akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Baadaye aliniambia kwamba mdomo ulimtoroka.

Hapo ndipo nilipohesabu waliobaki. Alibaki mmoja, na nilichokijua kuhusu Darrell Pruitt na kuku ni kwamba kila Jumamosi huwachoma. Ana tanuri la chuma nyuma ya gereji, kubwa kama jeneza. Harufu yake hufika hadi kwetu, na kuku wetu huingia kibandani bila kuambiwa.

Tangazo lilisema kiti kitajazwa jioni ile, na hakuna aliyetaka kuonekana anamdharau mgeni, kwa hiyo mikono minne ikapanda polepole, kama watu wanaokubali kung'olewa jino.

"Darrell Pruitt, una..."

"Ndiyo," akasema Darrell.

Akala kiapo. Akakaa kwenye kiti cha Milo, akakirekebisha kiendane na mgongo wake. Meya, ambaye sasa kinywa chake kilikuwa kimefunguka nusu, akasoma hoja inayofuata kwa namna ya mtu anayesema kupitia blanketi: kuku.

Duane akatoa hoja wapigwe marufuku. Jolene akaiunga mkono. Wawili kwa wawili, na macho yote yakamgeukia Darrell.

"Naomba kumuuliza mwenyewe kwanza," akasema. "Bibi Ardis, unataka kubaki na kuku wako?"

Bibi akasimama na mkoba wake. Na pale nikaiona kazi ya mikono yangu yote kwa mara moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemchimbia bibi yangu.

"Aa," Bibi akasema, akilainisha koti, "kama wanamsumbua mtu, si lazima. Ni kuku tu."

Kalamu ya Bi Gina ikashuka kwenye karatasi. Nikamvuta Bibi koti. Akanipiga kofi mkononi bila kuniangalia.

"Amesema si lazima," Bi Gina akasema, akiandika.

"Bi Gina, hebu weka kalamu chini kwanza," Darrell akasema. "Bado."

"Bado nini?"

"Bado mbili." Akaegemea nyuma. "Mimi nina miaka minne hapa. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa keki kwenye chumba cha chini cha kanisa, nikaichukua. Mpaka leo naambiwa habari za keki ile na watu ambao hawakuwepo." Mtu alicheka ndani ya kikombe chake. "Tangu siku hiyo nimejifunza kuhesabu. Bibi Ardis, unawataka kuku wako?"

"Nisingependa kumletea Curtis usumbufu," Bibi akasema kwa sauti ya chini kidogo.

"Hiyo ya pili," Darrell akasema. "Nikiwa hapo katikati, niulize jingine. Wana majina?"

Bibi akamtazama Mzee Lowell. Akamtazama Verna, kisha Duane, kisha Jolene, ambao wote walimtazama yeye.

"Hapana," akasema.

Ile ndiyo hapana pekee iliyomaanishwa jioni nzima, na Bi Gina akaiandika.

"Haya. Nauliza mara ya mwisho, maana mimi ni mtu wa Texas na subira yangu si ya kurithi. Kuku wako, Bibi. Unawataka?"

Birika la kahawa liliguna peke yake kwenye kona. Bibi alisimama akiuzungusha mkoba. Nilijua anachopaswa kusema: haya, kama hakuna anayejali. Yangetosha, na yangekuwa ya adabu, na kesho angeweza kupita mtaani bila mtu kumtazama mara mbili.

"Nawataka," Bibi akasema.

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mazishi ya babu.

"Kibanda kile alikijenga Harlan," akaendelea, akimwambia Curtis wala si halmashauri. "Pazia nilishona mimi. Asubuhi nikiamka, nahitaji kuwe na mlango wa kumfungulia mtu. Nawataka, Curtis. Samahani kwa nyasi zako."

Curtis akatazama viatu vyake. "Aa," akasema. "Nyasi huota."

"Wabaki," Darrell akasema, na wakabaki, watatu kwa wawili.

Watu walipokuwa wakivaa makoti, Duane alimshika Darrell kiwiko. Alikuwa ameshindwa, lakini kuna kitu kilichomsumbua zaidi ya kushindwa. "Wewe unajua kuhesabu, kumbe," akamwambia. "Sasa mbona kiti ulikichukua mara ya kwanza?"

"Aliyeuliza ni Bi Gina," Darrell akasema, akachukua keki ya mwisho kwenye sinia, nzima nzima, mbele ya kila mtu.

Njiani Bibi hakunisemesha hadi tulipofika kwenye taa ya posta. "Kipande cha kona," akasema hapo. "Na meno yale ni mapya." Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilibidi tusimame tukishikana hadi amalize kucheka.

Asubuhi alijaza kasha mayai kumi na mawili, ya Duane yakiwa juu kwa kuwa ndiyo makubwa. "Mpelekee Curtis," akasema. "Na umwulize vizuri. Usimfanyie vituko."

Curtis alifungua mlango akiwa na ndara.

"Bibi amekuletea mayai, Bwana Curtis."

"Aa, hapana, msijisumbue."

Akanitazama. Nikamtazama. Akayatazama mayai.

"Sawa," nikasema, nikageuka.

Nilikuwa nimefika kwenye sanduku lake la barua niliposikia ndara zikichapa kwenye theluji.

"We mtoto."

Nikasimama.

"Ndiyo," akasema Curtis Wendlandt, mwekundu kama jana. "Nimesema ndiyo. Nayataka."

Nikampa kasha kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Akalifungua pale pale barabarani, akanyanyua yai moja, akalipima kiganjani, na uso wake ukalainika bila yeye kutaka.

"Ni makubwa haya," akasema. "Ni ya yule kuku mweupe? Anaitwaje?"

"Hawana majina, Bwana Curtis," nikasema. "Imeandikwa."